Mwosha na Kamera

Msikiti wetu ulikuwa ghala la mazulia kabla ya kununuliwa kwa michango, katika mji mmoja wa kati ya Uingereza. Wanaosali humo ni Wazanzibari, watu wa Mombasa na Lamu, Wangazija, Wabarawa na familia chache zilizotoka Kongo ya mashariki. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha baada ya sala, kila mmoja na lafudhi yake. Tarehe 15 Machi 2019 mtu mwenye silaha alivamia misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, wakati wa sala ya Ijumaa, na waliokufa walikuwa 51. Wiki chache baadaye kamati yetu ikaitisha mkutano wa kuzungumzia ulinzi.

Juu ya kamera za mlangoni hapakuwa na mjadala. Mzozo ulizuka pale ilipopendekezwa kwamba kamera mbili zitiwe ndani, katika ukumbi wenyewe wa kusalia, zikiwatazama waumini tangu mihrabu hadi rafu za viatu, na picha zihifadhiwe kwa siku 30. Mama mmoja alisema kutoka nyuma ya pazia kwamba hatakubali kurekodiwa akiwa katika sijida. Kijana mmoja akauliza ni nani atakayeshika ufunguo wa mashine. Ndipo mwalimu mmoja mstaafu, mtu mwenye heshima yake na mwingi wa kusoma, aliposimama na kuuliza kwa upole: “Ndugu zangu, mnamficha nani? Ikiwa Mwenyezi Mungu anatuona tulalapo na tuamkapo, kamera ikituona imeongeza nini?” Watu walitikisa vichwa kuafiki. Mimi nilikuwa upande wa wanaopinga, na sikuwa na jibu.

Swali hilo limenikaa moyoni tangu siku ile. Katika sura yake ya kidunia tumelizoea: asiye na la kuficha ana hofu gani? Sura hiyo haina uzito mkubwa, kwani hata mtu mwema kuliko wote hufunga mlango wa choo. Lakini mwalimu wetu alikwenda mbali zaidi ya hapo. Muumini amekwisha kukubali kwamba hakuna pazia baina yake na Mola wake. Masheikh wa tasawwuf wameifungulia imani hiyo mlango mzima wakauita muraqaba, yaani mja akae akijua kuwa anatazamwa. Na ihsani, daraja ya juu ya dini, imejengwa juu ya yakini hiyohiyo. Kwa nini basi mtu aliyekwisha kuzoea kuonwa na Asiyesinzia aingiwe na haya mbele ya kioo kidogo kilichopachikwa darini?

Nadhani kosa limo katika kudhani kwamba kuona ni kitu kimoja, na kwamba tofauti ya Mungu na kamera ni ya kiasi tu: Yeye anaona zaidi, kamera inaona kidogo, na aliyevumilia kikubwa hawezi kulalamikia kidogo. Mapokeo yetu hayakuliweka jambo hivyo. Mungu anayeitwa Mwenye kuona anaitwa pia, katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, Sittir, Mwenye kusitiri sana. Majina hayo mawili hayatengani. Hakuna mahali katika mafundisho niliyosomeshwa ambapo kuona kwa Mungu kunatajwa kama kuona kwa mpelelezi, kuona kunakokusanya ili kuje kutumiwa.

Katika Sahihi ya Bukhari imo hadithi, iliyopokewa kutoka kwa Ibn Umar, inayoeleza yatakayompata muumini Siku ya Hesabu. Atasogezwa karibu, atafunikwa, kisha ataulizwa dhambi zake naye atazikiri, hadi aone kwamba ameangamia. Hapo atajulishwa kuwa Aliyemsitiri duniani ndiye anayemsamehe siku hiyo. Nimeisikia hadithi hii tangu chuoni, na kila mara ilisomwa kama hadithi ya msamaha. Sikuwahi kuzingatia mahali inapotokea. Siku ya mkusanyiko wa viumbe wote, siku ambayo tulitishwa utotoni kuwa hakuna litakalofichika, panatengwa pahali pa mja na Mola wake tu. Mwenye elimu yote hahitaji kumfunika mja ili amjue. Anamfunika ili wengine wasimwone akijulikana.

Atakayejibu kwamba Mungu naye anaandika, na kwamba kila mmoja wetu ana malaika wa kulia na wa kushoto, atakuwa amesema kweli. Lakini daftari hilo lina tabia ambayo daftari za wanadamu hazina. Jema hufuta ovu. Toba hufuta. Katika mapokezi mengine malaika wa kushoto huambiwa anyanyue kalamu na asubiri saa kadhaa kabla ya kuandika, huenda mja akajuta. Ni daftari linaloandikwa kwa kutaraji kufutwa.

Kumbukumbu za mashine hazina subira hiyo. Tarehe 13 Mei 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la Mhispania mmoja aliyetaka Google iache kuonyesha matangazo ya gazeti ya mwaka 1998 kuhusu mnada wa mali yake, kwa sababu ya deni ambalo lilikuwa limekwisha miaka mingi. Kila aliyeliandika jina lake katika intaneti alilikuta deni hilo, kana kwamba mtu huyo alikuwa amesimama mnadani hadi leo. Alishinda, na kwa kushinda kwake deni lake likajulikana na wanafunzi wa sheria wa dunia nzima. Tangu hapo Ulaya huzungumzia haki ya kusahauliwa. Sidharau haki hiyo. Nasema tu kwamba ni jina la kimahakama la kitu ambacho bibi zetu walikiita toba ya mtu na Mola wake, ila toba haihitaji wakili.

Labda tatizo letu ni la lugha pia. Sheria zetu zimechagua neno faragha. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inaitaja haki ya faragha. Asili ya neno hilo katika Kiarabu inahusu utupu, chombo kisicho na kitu ndani au mtu asiye na shughuli. Faragha ni mahali ambapo wengine hawapo. Ni neno zuri, na sheria inalihitaji, kwa kuwa sheria hupenda kuchora mipaka na kusema hapa ni pako. Sitara, au stara kama tusemavyo wengi, ni neno la namna nyingine. Ni pazia, ni nguo, ni kifuniko, na kitenzi chake hupenda watu wawili. Kujisitiri kupo, naam, lakini dua tunayoombeana ni kusitiriwa. Faragha naweza kuidai. Sitara sharti nipewe na yule aliyekwisha kuniona.

Wala sisemi kwamba Waswahili ni watu wa siri. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja, au Langoni kule Lamu, anajua kwamba chumvi ikikuishia jioni jirani wa tatu keshajua kabla ya Isha. Nyumba ya mawe ya Lamu huanza na daka, penye viti vya mawe kwa mgeni wa njiani, na kutoka hapo njia hupinda ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani, sembuse ndani. Mgeni hupiga hodi, na asipojibiwa mara ya tatu huondoka bila kinyongo. Yote hayo ni kweli. Lakini kuta zile hazikuzuia habari, na anayeisifia miji yetu kwa usiri wake hakuwahi kukaa barazani baada ya Alasiri. Kilichowafanya watu waishi pamoja katika vichochoro ambamo mabega hugusana ni adabu ya kujua na kunyamaza. Adabu hiyo ilivunjwa kila siku, na kila aliyeivunja alijulikana kuwa ameivunja.

Kwa adabu hiyo tuna mtu wa mfano, naye ni mwosha. Methali husema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha.

Mwosha wa wanaume katika msikiti wetu ndiye pia anayefungua na kufunga milango, anayefagia, na anayejua vali gani ya maji huvuja. Sote twamwita Ami. Ni mtu wa Pemba. Alivuka kwenda Shimoni baada ya matukio ya Januari 2001, pamoja na watu zaidi ya elfu mbili waliokimbilia Kenya wakati ule, na kutoka Shimoni safari ikamfikisha hapa. Mwaka 2020, vifo vilipozidi na wasaidizi wake wazee wakakatazwa kutoka, alinihitaji nimshikie maji. Chumba kiko nyuma ya ukumbi: meza ya chuma yenye mfereji, ndoo, majani ya mkunazi yaliyokaushwa, karafuu maiti. Nguo haiondoki baina ya kitovu na magoti, na mkono unaopita chini yake huviringishwa kitambaa. Alinifundisha kumwaga maji kwa mkono wa kulia huku nimegeuza uso kidogo. Tulichokiona sitakisema, na hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakunifundisha kwa maneno. Tulipomaliza alimwambia mtoto wa marehemu kwamba baba yake alikuwa mwepesi na uso wake mzuri, basi.

Nimefikiri sana kuhusu meza ile kwa sababu maiti hana ridhaa. Sheria za leo za kulinda taarifa binafsi zimesimama, kwa sehemu kubwa, juu ya ridhaa. Kampuni hukuandikia kurasa nyingi, nawe hubonyeza kwamba umekubali, na tangu hapo lolote litakalofanywa limefanywa kwa idhini yako. Lakini nani amewahi kuzisoma kurasa hizo, na aliyezisoma angefanya nini ikiwa shule ya mwanawe, benki yake na daktari wake wote wanamtaka aingie kupitia mlango huohuo? Mbele ya wenye mashine hizi hali yetu inafanana na ya maiti kuliko ya mtu aliyekaa na mwenzake kuandikiana mkataba. Tumelazwa, tunageuzwa, na wanayoyajua juu yetu sisi wenyewe hatuyajui. Wanaonijibu kwamba dawa ni kuimarisha ridhaa wananiambia nimfundishe maiti kusoma. Mwosha hakupewa ruhusa na anayemwosha, na wajibu wake haukutokana na ruhusa. Umetokana na kule kuona. Kwa kuwa ameona, amefungwa.

Masufi walikuwa na mfano mashuhuri: murid mbele ya shekhe wake awe kama maiti mikononi mwa mwosha. Mfano huu umetumiwa karne nyingi kumhimiza murid ajisalimishe, na bila shaka umetumiwa vibaya pia na mashekhe waliopenda kusalimiwa amri. Mazungumzo yote yalikuwa juu ya maiti. Wachache waliuliza mfano huo unamdai nini mwosha.

Hapa ndipo suala la nguvu linapoingia. Mwaka 2010 wakazi wa Sparkbrook na Washwood Heath, mitaa ya Birmingham yenye Waislamu wengi, waligundua kwamba walikuwa wamezungushiwa kamera. Zilikuwa 218 kwa jumla, na 72 kati yake zilifichwa. Nyingi kati yake zilisoma namba za magari yaliyoingia na kutoka. Watu walikuwa wameambiwa kwamba ni za kupambana na uhalifu wa kawaida. Baadaye ikajulikana kuwa fedha zake, takriban pauni milioni 3, zilitoka katika fungu la kupambana na ugaidi. Mpango ulisimamishwa mwezi Juni mwaka huohuo, na kamera zikaondolewa mwaka uliofuata. Wengi walioandika juu ya mkasa huo walikasirishwa na uwongo. Mimi huwazia zaidi zile 72. Aliyeificha kamera alijua kwamba kutazama kwake kungemwaibisha, akajisitiri yeye mtazamaji na kumwacha mtazamwa wazi. Hicho ni kinyume kamili cha mwosha.

Miaka 10 baadaye jambo likawa karibu zaidi na sijida. Novemba 2020 waandishi wa Motherboard walifichua kwamba Muslim Pro, programu ya simu ya kuonyesha nyakati za sala na upande wa kibla, iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa ikipeleka habari za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni ya Marekani iitwayo X-Mode, ambayo miongoni mwa wateja wake walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walikanusha kuliuzia jeshi chochote, wakatangaza kukata uhusiano na X-Mode. Januari 2024 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliipiga marufuku kampuni hiyo, iliyokwisha kubadili jina, kuuza habari za watu waliofika mahali nyeti, nyumba za ibada zikiwemo.

Kuielekea Makka kunataka kujua uliposimama. Wazee wetu walipima kwa jua, kwa nyota, na kwa kumwamini jirani aliyesali hapo kabla yao. Sisi tunaiuliza simu, nayo ili itujibu sharti ijue tulipo. Hapo hapana dhuluma, ni hisabati tu. Dhuluma ilianza pale ambapo kujua huko kulibaki baada ya jibu kutolewa. Mwosha anayetoka chumbani na kwenda kuuza alichokiona hawezi kujitetea kwa kusema kwamba bila kuona asingeweza kuosha.

Mwalimu wetu mstaafu angeniuliza: je, mtawala mwema, mwenye nia safi ya kuondoa maovu, naye hana haki ya kutazama? Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameisimulia katika Ihya habari ya Umar, khalifa wa pili, ambaye alisikia sauti ndani ya nyumba usiku, akapanda ukuta, akamkuta mtu na mwanamke na mvinyo. Umar alipomkemea, mtu yule akamjibu kwamba ikiwa yeye amemwasi Mungu kwa jambo moja, Amirul-Muuminina amemwasi kwa matatu: amepeleleza ilhali Kurani imekataza kupeleleza, ameiingia nyumba pasipo mlangoni, na ameingia bila hodi wala salamu. Umar hakumjibu kwamba yeye ni serikali. Aliondoka, akiwa amemtaka mtu yule atubu. Kinachonistaajabisha ni kwamba mvinyo ulikuwapo kweli. Umar hakukosea dhana, alilolishuku ndilo alilolikuta. Na bado ukweli wa alichokiona haukuhalalisha ukuta alioupanda. Leo tungeambiwa kwamba mfumo umefanya kazi.

Umar huyohuyo, katika masimulizi mengine, alisimamishwa hadharani na kuulizwa alipata wapi kitambaa cha kutosha kanzu yake ilhali mgawo wa kila mtu ulikuwa mdogo. Naye alijibu, kwa kumwita mwanawe atoe ushahidi. Ukuta wa mnyonge haukupandwa tena. Kanzu ya mwenye madaraka ikahojiwa mbele ya watu. Ukizilinganisha habari hizi mbili na mambo yetu ya leo, ambapo mkataba wa serikali na kampuni ya mashine ni siri ya kibiashara na mwendo wa kila mwananchi ni bidhaa, utaona jinsi tulivyougeuza mpango huo juu chini.

Lakini nisiandike kana kwamba sitara imekuwa neema tupu. Katika jamii zetu neno hilohilo limefunika mengi ambayo yalistahili kufunuliwa. Mke aliyepigwa ameambiwa asitiri nyumba yake. Mtoto aliyedhuriwa chuoni ameambiwa anyamaze ili familia isiaibike, na aliyemdhuru amehamishiwa mji mwingine akiwa na barua ya sifa. Uchunguzi wa umma uliofanywa Uingereza juu ya udhalilishaji wa watoto ulitoa mwaka 2021 ripoti kuhusu mashirika ya dini za aina nyingi, na hofu ya aibu ilitajwa humo miongoni mwa vinavyoziba midomo. Aliyesoma ripoti ile hawezi tena kulitamka neno sitara kwa urahisi, nami nimejaribu.

Wanazuoni wa zamani hawakuwa wajinga wa jambo hili. Nawawi, mfasiri mkubwa wa hadithi wa karne ya 13, alipolifikia fundisho la kumsitiri Mwislamu aliweka mpaka: linahusu mtu asiyejulikana kwa ufisadi, na dhambi iliyokwisha kupita. Anayejulikana kwa kudhuru watu hasitiriwi, hushtakiwa kwa mwenye mamlaka, na ovu linaloendelea huzuiwa palepale. Mpaka huu ulikuwamo vitabuni muda wote, tukausahau. Na kama tukiutazama vyema tutaona kwamba aliyepewa sitara katika kisa cha yule mtoto hakuwa mtoto. Alikuwa mwalimu, msikiti, jina la ukoo. Nguo ilivuliwa kwa mdogo akavishwa mkubwa. Kwa hiyo sikubaliani na wale vijana wetu wanaosema kwamba dawa ya maovu hayo ni kufunua kila kitu cha kila mtu. Sikubaliani pia na wazee wanaosema yaachwe.

Limebaki jambo la nia, na hili ndilo lililomfanya yule mama wa nyuma ya pazia aseme, ingawa hakulisema hivyo. Bukhari ameifungua Sahihi yake kwa hadithi ya nia: thamani ya tendo iko katika makusudio yake, nayo makusudio hayaonekani. Ndiyo maana saumu ina heshima ya pekee katika mafundisho. Mfungaji anaweza kunywa maji bafuni na asijulikane na yeyote; anapoacha, ameacha kwa ajili ya Mmoja tu. Kamera ikiwa bafuni hatanywa vilevile, lakini hatajua tena kwa nini hakunywa.

Hasara hiyo haipimiki, na kwa sababu haipimiki watu hudhani haipo. Riya, kutenda ili uonwe, ilikuwa zamani maradhi ya watu wachache wenye hadhira: wasomi, matajiri, maimamu. Siku hizi kila mmoja wetu ana hadhira mfukoni. Katika Ramadhani za karibuni nimeona makundi ya simu ambamo watu hutangaza idadi ya juzuu walizomaliza, na programu zinazohesabu siku ambazo mtu hakukosa Alfajiri, zikimpongeza kwa nyota. Wapo wanaosema huwasaidia, nami sina haki ya kuhukumu nia za watu, kwani ndilo hasa ninalolitetea. Lakini najijua mwenyewe. Ramadhani moja nilikuwa katika kundi kama hilo, na usiku mmoja nikajikuta nasoma haraka ili nisiwe wa mwisho. Sikumaliza juzuu ile. Niliona haya, na sikujua nimwonee haya nani.

Kwa mwalimu wetu, basi, jibu langu lililochelewa ni hili. Mungu akiniona peke yangu, nia yangu inapata pa kusimama, kwa sababu hapana mwingine wa kumridhisha. Kamera haiongezi jicho juu ya jicho lile. Inaongeza watu: anayeshika ufunguo, anayemlipa, anayeweza kumwamuru. Nikiinua mikono katika ukumbi unaorekodiwa nawainulia mikono wawili, na mmoja wao simjui jina.

Kamati iliamua kwa kura. Kamera za ndani ziliwekwa, kwa wingi wa kura tatu, na sikuwalaumu. Wakati ule picha za Christchurch zilikuwa bado machoni mwetu, na wapo waliokuwa na watoto wadogo safu ya nyuma. Mashine ya kurekodi ipo katika chumba cha Ami, juu ya kabati la sanda. Fundi alikuja akamfundisha kuiendesha, naye, ambaye mikono yake ni hodari kwa kila chombo, aliielewa kwa nusu saa, nilikuwepo.

Majira ya baridi yaliyopita baba mmoja alimjia baada ya Isha. Mwanawe wa miaka 17 alikuwa akiaga nyumbani kila alfajiri kwamba anakwenda msikitini, na baba alikuwa na shaka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na mitaa yetu inampa baba sababu za kuhofu.

“Ami,” akasema, “nionyeshe picha za wiki hii tu. Nataka kujua kama anakuja.”

Ami alikuwa akikunja mazulia. “Muulize mwenyewe, mwanangu.”

“Nimemuuliza. Ndiyo sababu nimekuja kwako.”

“Mashine ile siijui,” Ami akasema. “Hawa mafundi walinifundisha, nikasahau. Utu uzima.”

Baba alinitazama mimi, kana kwamba anauliza. Niliinama nikashika ncha ya pili ya zulia.